Uzi kwa wanaoanza Kinorwei: «jeg» ilinganishe na «ni-», usiilinganishe na «mimi»

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninafanya kazi ya ukalimani kati ya Kiswahili na Kinorwei, na nje ya kazi hiyo huwa ninakaa na Waswahili wenzangu wanaoanza kujifunza lugha hiyo. Wengi wao ni ndugu zetu wa Kongo waliopokewa Norwei baada ya kuishi miaka mingi ukimbizini Uganda. Wengine ni Warundi, Watanzania na Wakenya waliofuata ndoa, kazi au masomo. Kosa moja nimelikuta karibu kwa wote, na ninaamini linazaliwa siku ya kwanza ya darasa, pale mwalimu anapoandika ubaoni jeg, du, han, hun, vi, dere, de, na mwanafunzi akajiandikia pembeni mimi, wewe, yeye, yeye, sisi, ninyi, wao. Tafsiri hiyo imo katika kamusi na haina uongo ndani yake, lakini humfanya mwanafunzi ayatumie maneno ya Kinorwei kwa mazoea ya maneno ya Kiswahili ambayo kazi yake ni nyingine kabisa.

Tuitazame lugha yetu kwanza. Mtu akisema «Ninasoma», amemaliza. Mtendaji amekwisha kutajwa na kiambishi ni-, na neno mimi halihitajiki. Tunalileta mimi pale tu tunapotaka kutia mkazo au kutofautisha: «Mimi ninasoma, yeye amelala.» Kwa hiyo mwanafunzi aliyeandika kwamba jeg ni mimi anabeba pia, bila kujua, ile kanuni kwamba mimi unaweza kuliacha. Ndipo unapomsikia akisema «Snakker norsk» akikusudia kusema kwamba anazungumza Kinorwei, au «Bor i Oslo» akikusudia kusema kwamba anaishi Oslo. Kwa Mnorwei sentensi hizo zimekatwa kichwa.

Sababu ni kwamba kitenzi cha Kinorwei hakibebi nafsi hata chembe. Ni jeg snakker, du snakker, han snakker, vi snakker, dere snakker, de snakker: kitenzi ni kilekile kwa nafsi zote. Hata kitenzi cha kuwa, ambacho katika lugha nyingi za Ulaya hubadilika sana, hapa ni er kwa kila mtu: jeg er, du er, hun er, vi er, dere er, de er. Ukiondoa jeg umefanya jambo lilelile ambalo ungefanya kwa kuondoa wa- katika «walifika» na kubaki na «-lifika». Hakuna Mswahili anayeweza kuelewa ni nani aliyefika. Hivyo basi, kwenye daftari lako futa mimi, wewe, yeye, na uandike hivi:

jeg = ni- (jeg bor, ninaishi)
du = u- (du bor, unaishi)
han, hun = a- (han bor, hun bor, anaishi)
vi = tu- (vi bor, tunaishi)
dere = m- (dere bor, mnaishi)
de = wa- (de bor, wanaishi)
den, det = i-, ki-, li-, u- na viambishi vingine vya ngeli za vitu

Haya ni maumbo ya bokmål, maandishi ambayo wageni wengi hufundishwa. Nayo yote ni maumbo ya kiima, yaani ya mtenda. Mtendwa ana maumbo yake: meg, deg, ham au han, henne, oss, dere, dem. Sitayaeleza hapa, isipokuwa kuwakumbusha kwamba nasi tunayo tofauti hiyohiyo ndani ya kitenzi: katika «ananiona» a- ni kiima na -ni- ni yambwa, yaani mtendwa. Anayesema «meg bor i Oslo» amechukua -ni- ya katikati akaiweka mwanzoni.

Matamshi yanahitaji tahadhari, maana maandishi yake yanadanganya. Jeg hutamkwa karibu sawa na neno letu yai, na g yake haisikiki. Det hupoteza t, kwa hiyo husikika «de». Na de, yaani wao, husikika «di». Maana yake ni kwamba ukisikia «de» sikioni, kwenye karatasi huandikwa det, na ukiona de kwenye karatasi, mdomoni ni «di». Nimewaona wanafunzi wenye bidii wakikwama hapo kwa wiki nzima kwa kuwa hakuna aliyewaambia mapema. Sauti ya u katika du na hun nayo si u yetu: midomo huchongoka kama ya anayepiga mluzi na ulimi husogea mbele. Ukitamka du kwa u ya Kiswahili, Mnorwei atasikia neno do, ambalo maana yake ni choo. Jizoezeni sauti hii kwa sauti kubwa nyumbani, bila haraka.

Sasa nije kwenye det, kwa sababu hapa ndipo Mswahili ana faida ambayo mara nyingi haelezwi. Wanorwei husema «Det regner», mvua inanyesha. «Det er kaldt», kuna baridi. «Det er mange mennesker her», kuna watu wengi hapa. «Det er ikke melk i kjøleskapet», hakuna maziwa kwenye friji. «Det banker på døra», kuna mtu anabisha hodi. Wanafunzi huniuliza: hiyo det ni nani? Nani ananyesha, nani ni baridi? Huwa ninawajibu kwa swali: katika «kuna baridi», ku- ni nani? Hakuna mtu anayesimamia ku- hiyo, na bado hatuwezi kuiacha, kwa kuwa -na peke yake haisimami. Det hii ni ku- ya Kinorwei. Kinorwei kimeifikisha mbali zaidi kuliko sisi, kwani kwenye mvua tumeweka nomino yenyewe, mvua inanyesha, ilhali wao wameridhika na det na kitenzi. Lakini aliyezoea kuna, pana na mna hana sababu ya kuiogopa. Asahau tu tafsiri ya hiki au hicho anapokutana nayo mahali kama hapo.

Den na det za vitu ni habari nyingine, na hapo pia tuna uzoefu wa kutosha. Nomino za bokmål zina jinsi tatu: ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike. Nomino za jinsi mbili za kwanza hurejelewa kwa den, na za tatu kwa det. «Hvor er nøkkelen? Den ligger på bordet.» Ufunguo uko wapi? Uko mezani. «Hvor er brevet? Det ligger på bordet.» Barua iko wapi? Iko mezani. Nøkkel ni en nøkkel, kwa hiyo den. Brev ni et brev, kwa hiyo det. Mtu aliyekua akijua bila kufikiri kwamba ufunguo ni u-, barua ni i- na kitabu ni ki-, hashindwi na makundi mawili. Kinachohitajika ni kujifunza kila nomino pamoja na en, ei au et yake, kama vile mgeni anayejifunza Kiswahili anavyotakiwa kujifunza kila nomino pamoja na ngeli yake.

Pana tofauti moja hapo ambayo huwashangaza wengi. Kwetu, kiumbe chenye uhai huchukua a- hata kama nomino yake imevaa ki- au haikuvaa kiambishi chochote: kijana anakuja, kipofu ameketi, mbwa amelala. Kinorwei hakifanyi hivyo daima. Mbwa asiyejulikana ni den, «Den sover», ingawa mwenye mbwa wake humwita han au hun. Na neno barn, mtoto, ni et barn, kwa hiyo mtoto ambaye hajatajwa kuwa wa kiume au wa kike anaweza kurejelewa kwa det bila dharau yoyote. Nilipolisikia mara ya kwanza lilinichoma moyo, nikadhani mtoto amefanywa kitu. Ni sarufi tu.

Mwisho wa sehemu hii, mipaka ya mfano wangu. Nimesema jeg ni ni-, lakini ni- imeshikamana na kitenzi na haihami, ilhali jeg ni neno huru na huhama. Katika sentensi ya kawaida ya Kinorwei kitenzi hushika nafasi ya pili, iwe iwavyo. Ukianza na mtenda, mambo ni mepesi: «Jeg lager mat», ninapika. Ukianza na neno la wakati au mahali, mtenda hurudi nyuma ya kitenzi: «I dag lager jeg mat», leo ninapika. «Nå bor vi i Drammen», sasa tunaishi Drammen. Kwetu kuweka leo mwanzoni hakubadilishi chochote ndani ya ninapika, na ndiyo maana Mswahili husema «I dag jeg lager mat» hata baada ya miaka kumi nchini humo. Katika maswali ya ndiyo na hapana kitenzi hutangulia kabisa: «Bor du her?» Unaishi hapa?

Mpaka wa pili ni kwamba a- yetu hubaki hata mtenda anapotajwa kwa jina: «Kaka yangu anaishi Bergen.» Anayefuata mfano wangu bila kuangalia atasema «Broren min han bor i Bergen.» Katika maandishi hilo ni kosa, nomino ikiwapo, han huondoka: «Broren min bor i Bergen.» Wanorwei wenyewe hulisema hilo la kwanza katika mazungumzo, wakitua kidogo baada ya kumtaja kaka, lakini anayejiandaa kwa mtihani wa Kinorwei asiliandike.

Na ukitaka ile kazi halisi ya mimi, kazi ya mkazo? Wanorwei hukaza sauti kwenye jeg, au hutumia muundo ambao utaufurahia: «Det er jeg som har betalt.» Ni mimi niliyelipa. Uweke kando ya Kiswahili chake uone unavyofanana, neno kwa neno, hadi kwenye som, ambayo inafanya kazi ya -ye-.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji kutoka Bukavu, sasa yuko Norwei

Mwalimu, ninashukuru. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa shuleni tumepata msaada kidogo, kwa kuwa je na tu nazo haziachwi, na il pleut inafanana na det regner. Lakini nina maswali mawili. La kwanza, sisi tumezoea vous kwa mkubwa. Huku ninamwita daktari du, ninamwita mwalimu wa mtoto wangu du, na kila mara ninahisi nimemvunjia mtu heshima. Je, hawana neno la heshima? La pili, kuhusu han na hun: ninazijua, lakini mdomo unachagua vibaya. Ninamsema mke wangu mwenyewe kwa han.

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili yenye uzito.

Neno la heshima walikuwa nalo. Ni De yenye herufi kubwa, na umbo lake la mtendwa ni Dem. Lilitumika kwa mtu usiyemfahamu na kwa mkubwa, nalo lilififia katika nusu ya pili ya karne ya 20 kiasi kwamba leo utalikuta zaidi katika barua za zamani na midomoni mwa wazee wachache. Leo du ni kwa daktari, kwa mwalimu, kwa jirani mwenye miaka 90 na kwa waziri. Familia ya kifalme ndiyo iliyobaki nje ya desturi hiyo; mfalme huambiwa Deres Majestet, au hutajwa kwa nafsi ya tatu. Ukimwambia muuguzi De, hatajisikia ameheshimiwa. Atajisikia umemweka mbali.

Ninajua du inavyotukwama kooni. Sisi heshima haikai kwenye u- ya unaendeleaje, inakaa kwenye shikamoo inayotangulia, kwenye mzee, mama, baba, mwalimu. Kinorwei hakina shikamoo, na mwalimu huitwa kwa jina lake la kwanza. Heshima yao nimeijifunza polepole: kufika kwa wakati, kutomkatiza mtu anapozungumza, kusema takk, yaani asante, mara nyingi kuliko tunavyoona inahitajika, na kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Katika jambo kama hilo la viatu utasikia neno man: «Man tar av seg skoene.» Man ni mtu yeyote, kama tunavyosema «mtu huvua viatu». Wakikuambia hivyo hawakusemi wewe, wanataja desturi.

Kuhusu han na hun, hili ndilo jambo gumu kuliko yote kwa Mswahili, na sioni aibu kulisema kwa urefu. A- yetu haiulizi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Tunaweza kusimulia habari nzima ya mtu, alikuja, akaketi, akalia, akaondoka, na msikilizaji asijue jinsia yake wala asione kuna kilichopungua. Kinorwei kinakulazimisha uamue kabla ya kufungua kinywa, kwa kuwa neno la kwanza la sentensi ndilo lenye uamuzi huo.

Nilipokuwa bado ninajifunza nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Jioni moja, wakati wa kupokezana zamu, nilitoa taarifa kuhusu bibi mmoja ambaye hakugusa chakula tangu asubuhi. Nikasema «Han har ikke spist». Katika korido ileile alikuwapo pia mzee wa kiume aliyekuwa na tatizo la kula, na mwenzangu akaenda kwake. Bibi yule alikaa bila kuangaliwa hadi nilipogundua kosa langu. Hakudhurika, lakini nililala vibaya usiku ule, na tangu hapo sijaliona kosa la han na hun kuwa kosa dogo la wageni.

Katika ukalimani jambo hili hunirudia kila wiki. Mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza ya anayezungumza. Akisema «ninaumwa», nami ninasema «jeg har vondt», wala sisemi «anasema anaumwa». Nikihitaji kusema jambo langu mwenyewe ninajitaja kama tolken, mkalimani, ili jeg yangu isichanganyike na jeg yake. Sasa mtu anapoeleza, «Aliniambia nisubiri, halafu akaondoka», sina namna ya kuitafsiri mpaka nijue huyo aliyemwambia ni nani. Wakati mwingine ninalazimika kusimamisha mazungumzo na kusema: mkalimani anaomba kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Wengi hushangaa kwa nini ninauliza. Pale ambapo jinsia haijulikani kabisa, lugha rasmi ina neno vedkommende, yaani mhusika, ambalo limeniokoa mara nyingi.

Kuna pia hen, kiwakilishi ambacho hakitaji jinsia. Kiliingizwa rasmi katika kamusi za bokmål na nynorsk, maandishi mawili rasmi ya Kinorwei, mwaka 2022, na hutumika kwa mtu asiyejitambulisha kama han wala hun, na pia pale jinsia isipojulikana. Kwa maana hiyo ya pili kinakaribia sana a- yetu. Lakini usikifanye kimbilio la kukwepa kujifunza han na hun, kwa kuwa bibi anayejulikana na wote kuwa bibi hatarajii kuitwa hen.

Zoezi ninalolipendekeza ni hili: kila jioni chukua picha za familia kwenye simu yako, na kwa kila uso sema sentensi tatu kwa sauti. «Hun heter… Hun bor i… Hun liker…», yaani anaitwa, anaishi, anapenda. Kisha uso unaofuata. Acha jicho lichague kabla ya ulimi. Mke wako akiwa karibu, msimulie yeye mambo ya dada yake na ya kaka yake kwa kupokezana, naye akusahihishe.

Mchangiaji aliyeko Tromsø

Kaka, uzi huu umenifaa sana, ila mimi ninaishi kaskazini na hicho ulichokiandika sikisikii. Darasani ninafundishwa jeg, nikitoka nje kila mtu anasema «æ». Dere ninaisikia kama «dokker». Nilidhani masikio yangu ni mabovu. Halafu mwanangu ameleta kitabu cha shule ambacho mimi imeandikwa eg. Nifuate kipi?

Mwanzilishi wa uzi

Dada yangu, masikio yako ni mazima. Norwei haina lahaja rasmi ya kuzungumza. Sisi tulichaguliwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na tangu hapo mtu wa Lamu au wa Mvita akisimama redioni husogea kuelekea huko. Mnorwei husema lahaja ya kwao redioni, bungeni na darasani, na hakuna anayemrekebisha. Na viwakilishi ndiyo mahali pa kwanza lahaja zinapojionyesha, kwa kuwa ndivyo vinavyosemwa mara nyingi zaidi.

Æ ni jeg ya Tromsø, ya Trondheim na ya sehemu kubwa ya kaskazini na ya Trøndelag. Eg ni ya magharibi, Bergen na Stavanger. Je utaisikia mashariki, bara kwenye mabonde. Wanaosema æ wana sentensi yao maarufu, «Æ e i A, æ å», maana yake mimi pia nipo darasa la A. Irabu tupu zimesimama kama maneno, na aliyejifunza kitabuni tu hawezi kuikamata. Hun huwa ho au hu. Maeneo mengi ya magharibi husema me badala ya vi, na hapo angalia, kwa kuwa inafanana na meg. Dokker ni dere, kama ulivyosikia. Na de wengi huisema dem, hata mtenda anapokuwa ndiye anayetajwa.

Kitabu cha mwanao kimeandikwa kwa nynorsk, ambayo ni maandishi rasmi ya pili. Msingi wake uliwekwa na Ivar Aasen, aliyezunguka nchi kati ya mwaka 1842 na 1846 akikusanya lahaja za vijijini, wakati maandishi ya nchi yalikuwa ya Kidenmarki. Bunge liliyapa maandishi hayo hadhi sawa mwaka 1885, na majina bokmål na nynorsk yalipitishwa mwaka 1929. Viwakilishi vyake ni eg, du, han, ho, det, vi au me, de au dokker, dei. Tafadhali litazame hilo la de: katika bokmål de ni wao, katika nynorsk de ni ninyi, na wao ni dei. Tena katika nynorsk vitu navyo huitwa han na ho kufuata jinsi ya nomino, kwa hiyo kitabu, ei bok, ni ho: «Boka? Ho ligg på bordet.» Usishtuke ukisikia gari likiitwa han.

Ushauri wangu: andika na useme umbo moja la kitabu chako, ukiwa mwanafunzi wa bokmål sema jeg na dere bila wasiwasi, na yaache masikio yazoee mengine yote. Nasi tuna mimi, miye na mie, na hatupotezani. Lakini usichanganye æ katika sentensi ya kwanza na eg katika ya pili ndani ya karatasi ya mtihani.

Jambo moja zaidi kwa masikio. Katika mazungumzo ya haraka ya mashariki, kiwakilishi kikiwa nyuma ya kitenzi hugandana nacho: har du husikika «haru», kommer han husikika «kommern». Yaani kile nilichokifananisha na kiambishi awali huwa kama kiambishi tamati. Ukisikia neno refu usilolijua mwanzoni mwa swali, likate mwishoni, mara nyingi utamkuta du au han amejificha humo.

Mchangiaji kutoka Burundi

Mwalimu, nimesoma yote mara mbili, nikaandika sentensi zangu mwenyewe. Ninaomba unisahihishe hapa hadharani ili na wengine wafaidike.

Kommer fra Burundi.
I morgen vi skal til legen.
Er kaldt i dag.
Hvor er bilen? Det står ute.
Jeg ikke forstår.
Jeg og mannen min vi bor i Lillehammer.

Mwanzilishi wa uzi

Dada, umefanya jambo jema kuziweka hapa.

Ya kwanza: «Jeg kommer fra Burundi.» Ni- imeachwa, ndilo kosa tuliloanza nalo.

Ya pili: «I morgen skal vi til legen.» Umeanza na kesho, kwa hiyo kitenzi skal kije cha pili na vi ifuate.

Ya tatu: «Det er kaldt i dag.» Kumbuka ku- ya kuna baridi.

Ya nne: «Den står ute.» Gari ni en bil. Hapa det ingeeleweka, lakini Mnorwei angesikia kama sisi tunavyosikia mtu akisema gari kiko nje.

Ya tano: «Jeg forstår ikke.» Kwetu ukanushi huanza mwanzoni kabisa, na si- humeza nafsi na hapana kwa pamoja: sielewi. Kwao ikke huja baada ya kitenzi katika sentensi kuu. Katika sentensi tegemezi ndipo ikke hutangulia kitenzi, «fordi jeg ikke forstår», kwa sababu sielewi. Hiyo ya pili iache mpaka utakapokuwa umeimudu ya kwanza.

Ya sita ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa kuwa ni Kiswahili safi kilichovaa maneno ya Kinorwei. «Mimi na mume wangu tunaishi Lillehammer»: tu- yetu ni ya lazima hata baada ya kuwataja wote wawili, nawe umeibeba kama vi. Kinorwei kikishawataja watenda hakiwarudii, kwa hiyo vi inaondoka. Tena kwa adabu ya lugha yao ni vizuri kumtanguliza mwenzako na kujiweka wewe mwishoni: «Mannen min og jeg bor i Lillehammer.»

Niandikie nyingine sita, zote zianze na neno la wakati au la mahali, na angalau mbili ziwe na det isiyo na mwenyewe.